Anayeisifia kompyuta, yeye anatumia ipi?

Kila vyuo vinapokaribia kufunguliwa, swali hurudi sebuleni kwa familia nyingi: mtoto anunuliwe kompyuta gani? Mama ana fedha za kikoba, baba anasubiri mshahara wa mwisho wa mwezi, mjomba ameahidi kuongeza kidogo. Kijana mwenyewe tayari ana jibu. Amelisoma kwenye simu, kwa mwandishi wa Marekani aliyeandika kuwa hakuna kompyuta mpakato inayoifikia Mac. Rafiki yake amesoma kwa mwandishi mwingine, wa nchi hiyohiyo, kwamba kununua Mac ni kulipia nembo ya tofaa na mwenye akili hununua ya Windows. Wote wawili wana uhakika, na wote wawili hawajawahi kukaa hata siku moja na kompyuta wanayoitetea.

Mzazi akiletewa dawa mlangoni na mtu asiyemjua, atauliza: wewe ni nani, umesomea nini, na nani amekutuma? Anayesifia kompyuta ya shilingi milioni mbili au tatu kwa kawaida haulizwi.

Ugomvi wa Mac na Windows ni wa siku nyingi. Apple iliingiza Macintosh sokoni Januari 1984, na Microsoft ikatoa Windows ya kwanza Novemba 1985. Majarida nayo yaligawanyika vivyo hivyo. PC Magazine lilianza mwaka 1982 na PC World mwaka 1983, yakiandikia watu wa kompyuta zilizofuata mtindo wa IBM. Macworld lilizaliwa pamoja na Macintosh yenyewe mwaka 1984. Msomaji alinunua jarida la kambi yake, na kampuni zilipeleka matangazo kwenye jarida la wateja wao. Mwandishi wa jarida la Mac ambaye angeandika kwamba Mac imekwisha angekuwa anachimba kaburi la mshahara wake mwenyewe.

Baadaye magazeti makubwa ya kawaida yalianza kuajiri watu wa kuandika habari hizo kwa msomaji wa nyumbani. Walter Mossberg alianza safu yake katika gazeti la Wall Street Journal mwaka 1991. Kabla ya hapo alikuwa akiandika habari za usalama wa taifa na mambo ya nje. David Pogue, aliyeanza safu yake New York Times mwaka 2000, alisomea muziki Chuo Kikuu cha Yale na amewahi kufanya kazi ya kuongoza muziki katika majumba ya maonyesho ya Broadway. Hakuna kati yao aliyekuwa mhandisi wa kompyuta.

Kuna watu huchukulia hilo kama aibu, lakini si haki. Mwandishi wa habari za afya si lazima awe daktari, ilimradi ajue kuuliza na ajue mpaka wa anachokijua. Nguvu ya Mossberg ilikuwa hapo hapo. Aliitazama kompyuta kwa macho ya mtu anayetaka kuandika barua na kutazama picha za familia, na ikimsumbua, alisema tatizo ni la kompyuta, si la mtumiaji. Wahandisi wa wakati huo hawakuwa wakisema hivyo. Ubaya ni kwamba mwandishi wa namna hiyo anamjua mtumiaji mmoja vizuri sana, yaani yeye mwenyewe. Ana meza yake, intaneti yake isiyokatika, umeme wake, mshahara wake. Anapoandika kuwa mashine fulani ni rahisi kutumia, amesema ukweli kuhusu nyumba moja.

Kuna jambo jingine ambalo wasomaji wengi hulikosa. Tangu mwaka 1985, ilipotoka programu ya PageMaker na mashine ya kuchapia ya Apple iitwayo LaserWriter, Mac iliingia kwenye vyumba vya kupangia kurasa za magazeti na majarida ikakaa. Kwa hiyo watu wengi wanaoishi kwa kuandika na kuchora walizoea Mac kazini, wakati wahasibu, makarani wa benki na maofisa wa serikali walikuwa kwenye Windows. Wahasibu hawaandiki safu magazetini. Hakuna aliyehongwa hapo, ni mazoea tu, kama mpishi aliyezoea jiko la mkaa anavyolipa alama za chini jiko la gesi.

Mazoea hayo hayakuwazuia waandishi kugeuka upepo ulipogeuka. Mwaka 1997 Apple ilipokuwa karibu na kufilisika, jarida la Wired liliweka jalada lenye nembo ya tofaa iliyozungushiwa miiba, na chini yake neno moja la kuwataka watu wasali. Agosti mwaka huohuo Microsoft, adui mkubwa, iliwekeza dola milioni 150 katika Apple. Miaka kumi baadaye, iPhone ilipotoka, waandishi wachache sana walipewa simu hiyo kabla ya siku ya mauzo, Mossberg na Pogue wakiwamo. Kupewa mapema kuna thamani kuliko bahasha. Anayepewa mapema anasomwa kwanza, na anayesomwa kwanza anasomwa na wengi. Hakuna anayehitaji kumwambia kwamba akiandika vibaya mara ijayo hatapewa. Analijua mwenyewe.

Mkubwa alipotaka kuizima habari

Kisa cha PC World cha Mei 2007 kinafaa kukumbukwa. Mhariri mkuu wake, Harry McCracken, alikuwa ameandaa makala ya mambo kumi ambayo waandishi wake wanayachukia kuhusu Apple. Ilikuwa makala ya kutania zaidi ya kushambulia. Mkuu wa kampuni iliyochapisha jarida hilo, Colin Crawford, ambaye awali aliongoza Macworld, aliikataa. Taarifa za wakati huo zilieleza kuwa hakupenda jarida liwakere watangazaji. McCracken aliacha kazi.

Habari ilisambaa haraka, wasomaji wakakasirika, na siku chache baadaye kampuni ilimhamishia Crawford kwenye nafasi nyingine na kumrudisha McCracken kazini. Makala ikachapishwa. Inafurahisha kuona mtu akishinda namna hiyo, lakini msomaji makini atajiuliza ni makala ngapi za aina hiyo zilizimwa kwingine bila mhariri yeyote kupiga mlango.

Kwa Pogue suala lilikuwa tofauti. Alikuwa mwandishi wa safu, na wakati huohuo alikuwa mwandishi wa vitabu vya kuwafundisha watu kutumia bidhaa zilezile alizozitathmini. Mwaka 2009 aliisifia programu mpya ya Mac, Snow Leopard, huku akiwa na kitabu chake kuhusu programu hiyo. Mtu akinunua Mac, huenda akanunua na kitabu. Clark Hoyt, aliyekuwa msimamizi wa malalamiko ya wasomaji katika New York Times, aliandika kuhusu mgongano huo wa maslahi, na gazeti likaanza kuutaja wazi. Kwa haki ya Pogue, aliandika vitabu vya Windows pia. Hivyo kusema alilipwa na kambi moja si kweli. Lakini msomaji alistahili kuambiwa kabla ya kuingiza mkono mfukoni.

Madaktari walishapita njia hii. Majarida makubwa ya kitabibu humtaka mtafiti ajaze fomu inayoeleza nani amemlipa, na majibu huchapwa pamoja na utafiti. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2010 inayozitaka kampuni za dawa na vifaa tiba kutoa taarifa ya fedha na zawadi wanazowapa madaktari, hata chakula cha mchana, na mwananchi anaweza kumtafuta daktari wake kwa jina. Sheria hiyo haikusema kila daktari aliyekula chakula cha kampuni ni mwongo. Ilisema tu kwamba mgonjwa ana haki ya kujua. Kwa wanaosifia bidhaa mtandaoni, Tume ya Biashara ya Marekani ilisubiri hadi 2009 kueleza katika mwongozo wake kwamba mwanablogu aliyepewa bidhaa bure na kampuni anapaswa kusema.

Sababu zilikuwepo. Mwishoni mwa 2006, Microsoft na kampuni ya AMD ziliwapelekea wanablogu kompyuta za Acer Ferrari zenye Windows Vista, kila moja ikiwa na thamani ya zaidi ya dola 2,000. Zilikuwa zawadi kuelekea uzinduzi wa Vista. Kelele zilipozidi, Microsoft iliwaandikia wapokeaji ikiwaomba wazirudishe au wazigawe kwa wengine wakimaliza kuandika.

Tuache zawadi kwanza, tuitazame mashine yenyewe. Ilikuwa na nguvu, na Vista ilikwenda vizuri juu yake. Dukani, familia za kawaida zilikuwa zinanunua kompyuta za bei nafuu zenye stika iliyosema zina uwezo wa kutumia Vista, kumbe nyingi hazikuweza kuonyesha yale madirisha ya kupendeza yaliyokuwa kwenye matangazo. Kesi ilifunguliwa mwaka 2007, na barua pepe za ndani ya Microsoft zikatolewa hadharani. Mmoja wa makamu wa rais wa kampuni hiyo, Mike Nash, alilalamika kwa wenzake kwamba alinunua kompyuta yenye stika hiyo na ikaishia kumfaa kwa barua pepe tu. Ilimgharimu dola 2,100. Kama mtu wa ndani alinunua kwa kuiamini stika, mzazi angejuaje? Baadaye jaji aliondoa idhini ya wanunuzi kushtaki kama kundi moja, lakini barua zile zilikuwa zimeshasomwa.

Upendeleo hauko kwa waandishi pekee, msomaji naye anao wake. Vista ilipokuwa imeshachafuka jina, Microsoft ilifanya jaribio mwaka 2008. Iliwaita watu waliosema hawaipendi Vista, ikawaonyesha kitu kilichoitwa Mojave, na wengi wao wakakisifia. Halafu wakaambiwa: hiyo ndiyo Vista. Anayefahamu majaribio ya dawa atakumbuka kidonge kisicho na kitu ambacho mgonjwa akiambiwa ni dawa hupata nafuu, na akiambiwa kina madhara huumwa kichwa. Hata hivyo, jaribio lilifanywa na mwenye bidhaa, kwenye mashine aliyoichagua mwenyewe, na watu hawakwenda nayo nyumbani. Lilionyesha nguvu ya jina, si ubora wa Vista.

Wiki moja haitoshi

Pamoja na hayo yote, kosa lililowagharimu watu fedha nyingi zaidi halikuhitaji zawadi wala kitisho. Lilihitaji haraka tu.

Mwaka 2015 Apple ilitoa kompyuta nyembamba ya MacBook yenye kibodi ya muundo mpya, uliopewa jina la kipepeo. Mwaka 2016 muundo huo uliingia kwenye MacBook Pro, kompyuta ya watu wa kazi. Wachambuzi walipewa mashine wakae nazo siku kadhaa, wakaandika. Wengine walisema vitufe havizami vya kutosha na kwamba vidole vitahitaji kuzoea. Hilo ndilo mtu anaweza kuliona ndani ya wiki, kwenye mashine mpya, juu ya meza safi.

Tatizo halisi lilikuja baada ya miezi. Chembe ndogo ya vumbi iliingia chini ya kitufe, na kitufe kikagoma, au kikaandika herufi mara mbili. Kwa sababu kibodi ilikuwa imeungwa pamoja na sehemu nzima ya juu ya kompyuta, kuitengeneza nje ya waranti kulikuwa ni mamia ya dola. Oktoba 2017, zaidi ya miaka miwili tangu muundo huo utoke, mwandishi Casey Johnston aliandika makala katika jarida la The Outline kuhusu kibodi yake iliyomtesa, na watu wengi wakajitokeza kusema na wao. Hakuandika kama mchambuzi aliyeazimwa mashine. Aliandika kama mteja aliyelipa.

Juni 2018 Apple ilitangaza kuzitengeneza bure kibodi hizo kwa miaka minne tangu mashine iliponunuliwa, ikisema tatizo limewapata wateja wachache. Machi 2019 Joanna Stern wa Wall Street Journal aliandika safu nzima ikiwa na pengo la herufi ambazo kibodi yake ilikataa kuziandika, ili msomaji aonje mwenyewe. Apple ikaomba radhi. Mwishoni mwa 2019 ilianza kuuacha muundo huo, na mwaka 2022 ilikubali kulipa dola milioni 50 kumaliza kesi ya wateja.

Waandishi wa teknolojia wengi walikuwa wakitumia kompyuta hizohizo kila siku. Wakati Johnston anaandika, wenzake kadhaa walikuwa na vitufe vinavyogoma mezani kwao na hawakuwa wameona kuwa ni habari. Walikuwa wameshaandika uchambuzi wao, nao uliendelea kusomwa na wanunuzi wapya. Katika tiba, dawa ikishaingia sokoni ufuatiliaji wa madhara yake huendelea kwa miaka, kwa sababu yapo madhara ambayo majaribio ya awali hayawezi kuyaonyesha. Uchambuzi wa kompyuta hauna utaratibu huo. Ukitoka umetoka.

Na chembe hiyo ya vumbi iliyowasumbua watu kwenye ofisi za New York zenye viyoyozi, mtu ajaribu kuiwazia kwenye hosteli ya Dodoma mwezi wa Oktoba.

Kuna imani nyingine iliyorudiwa kwa miaka na baadhi ya waandishi, na bado inasikika madukani: Mac haipati virusi. Mwaka 2012 programu hasidi iitwayo Flashback iliingia kwenye Mac zinazokadiriwa kufika 600,000. Ilipitia udhaifu wa Java ambao Oracle ilikuwa imeshautolea marekebisho Februari, lakini Apple ikawafikishia wateja wake Aprili. Ni kweli kwamba Windows, kwa kuwa na watumiaji wengi zaidi, ndiyo iliyoandamwa zaidi na wezi. Kati ya kuandamwa kidogo na kuwa na kinga, mtu wa afya anajua tofauti yake.

Wapo pia waandishi wanaochukia kwa sababu chuki inalipa. John Dvorak, mmoja wa waandishi wakongwe wa kompyuta Marekani, alieleza katika mazungumzo yaliyorekodiwa kwa video mwaka 2006 namna alivyokuwa akiwachokoza makusudi wapenzi wa Mac ili waje kwa wingi kusoma na kutukana. Kijana anayebishana usiku kucha kuhusu makala ya namna hiyo amewekwa kazini bila mshahara.

Basi mzazi amwamini nani? Wapo wanaofanya kazi hii kwa uangalifu. Mossberg aliweka hadharani maelezo ya maadili yake: hakumiliki hisa za kampuni alizoziandika, hakuchukua fedha zao, na mashine alizoazimwa alizirudisha. Consumer Reports, jarida la shirika lisilotafuta faida, hununua bidhaa dukani kama mteja yeyote na halichukui matangazo. Mwishoni mwa 2016 lilikataa kuipendekeza MacBook Pro mpya kwa sababu betri ilitoa majibu yanayopishana mno. Apple ikagundua hitilafu kwenye kivinjari chake cha Safari iliyojitokeza katika aina ile ya upimaji, ikairekebisha, jarida likapima tena na Januari 2017 likabadili uamuzi. Hata hao, angalia, hawakuikamata kibodi.

Kwa hiyo mzazi asitafute mwandishi asiye na upande. Amtafute anayesema alikaa na mashine muda gani na aliipata wapi, halafu atafute maneno ya watu walioitumia mwaka mzima. Malalamiko ya mteja wa mwaka wa pili yana uzito kuliko sifa za wiki ya kwanza.

Na lipo swali ambalo mwandishi wa Marekani hawezi kumjibia hata akiwa mwaminifu kiasi gani: kijana anakwenda kusoma nini? Anayekwenda kusomea uhandisi anaweza kukutana na SolidWorks, wa usanifu majengo akakutana na Revit, wa jiografia na ramani akakutana na ArcGIS Pro. Zote tatu zimetengenezwa kwa ajili ya Windows. Wa kuhariri filamu anaweza kudaiwa Final Cut Pro, nayo haipo kwenye Windows. Anayesomea sheria au ualimu atafanya kazi yake vizuri kwenye yoyote kati ya hizo, hata iliyotumika, mradi betri inashika na fundi wa karibu ana vipuri vyake. Hayo yanaulizwa idarani, kwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu na kwa fundi, kabla ya fedha za kikoba hazijapanda basi kwenda Kariakoo.